Kuingia Korogwe Bila Kwenda

Begi lilikuwa limekwisha kufungwa nyuma ya pikipiki kwa mpira, injini inanguruma, na Tatu Mhina akarudi ndani mara ya tatu.

"Huyu haendi," Muhsin, mwenye pikipiki, alimwambia Obadia pale mlangoni. "Mtu wa safari haagi mara tatu."

"Haagi," Obadia alisema. "Anajaribu mlango."

Muhsin akautazama mlango wa ofisi. Ulikuwa wazi, umezuiwa na tofali. Hakuona cha kujaribu. Alikuwa binamu yake Tatu, mtu mzima mwenye watoto watatu, na alikuwa ametoka Sindeni alfajiri kumfuata, kwa hiyo akazima injini, mafuta yasiungue bure.

Ofisi ilikuwa vyumba viwili nyuma ya stendi ya Korogwe. Obadia, Mshambaa wa milimani, alikuwa na kampuni yake ndogo ya kupima mashamba. Chumba cha ndani, chini ya meza, lilikaa sanduku jeusi la chuma lenye ukubwa wa debe, linanguruma kama paka aliyeshiba. Hiyo ndiyo seva. Ndani yake zilikaa ramani za mashamba ya vijiji kumi na kimoja, na kwa miaka mitano aliyeitunza alikuwa Tatu.

Mwezi wa tisa baba yake, Mzee Mhina, alianguka shambani akabaki nusu. Mkono wa kulia hausogei, mguu wa kulia hausogei, na ulimi umekuwa mzito kama umefungwa jiwe. Mama yake, Hafsa, ana mgongo, na kumgeuza mwanaume mzima kitandani hawezi peke yake. Kaka wawili wapo, mmoja Mererani, mmoja Dar es Salaam, na wote wawili wanapiga simu sana. Kwa hiyo ilikuwa ama Tatu aache kazi, ama kazi ikubali kufanywa kutoka Sindeni. Siku tatu nzima alikuwa anaifungulia seva mlango wa mbali.

"Nieleze tena," Obadia alisema alipomwona anatoka.

"Nimetengeneza vitu viwili vinavyojuana, bosi. Kimoja ni kufuli, kiko humu kwenye seva. Kingine ni ufunguo, uko kwenye kompyuta yangu. Kutoka nje hakuna kinachofungua ila ufunguo. Neno la siri sasa linamsaidia mtu aliyekaa hapa hapa, mbele ya kioo."

"Na kwa nini neno la siri lisitoshe? Miaka yote lilitosha."

"Neno linaibwa. Njoo uone." Akamwonyesha mistari inayopanda kwenye kioo. "Hawa wote wanagonga tangu asubuhi. Mashine za watu tusiowajua, zinabahatisha maneno."

Obadia akaitazama ile mistari, uso ukambadilika. Alikuwa amekaa na sanduku lile miaka mitano bila kujua kuwa linagongwa. "Watu gani hao?"

"Sijui. Ndiyo maana nafunga."

"Na mimi?"

"Wewe una wako." Akamkabidhi flashi ndogo nyekundu. "Humo usiweke kitu kingine, bosi. Hata picha."

Obadia akaifunga kwenye mnyororo wa funguo aliouvaa shingoni. Kisha akasema, kama mtu anayeuliza bei bila nia ya kununua, "Na nakala ya wako nayo niachie."

"Wangu hautolewi nakala. Ukitoka mikononi mwangu si wangu tena."

"Mtu akihama nyumba, Tatu, huacha ufunguo. Wewe unahama nao."

"Kila nikiingia, seva inaandika kwenye daftari lake. Nani, saa ngapi, amegusa nini. Na daftari linajileta kwenye simu yako kila dakika tano. Sina namna ya kulizuia."

"Wewe ndiye uliyelitengeneza."

Tatu alitoka hadi kwenye pikipiki, akafungua kompyuta juu ya tanki la mafuta, akatumia mtandao wa simu yake kama mtu aliye mbali, akaingia. Ikafunguka. Hapo ndipo aliporudi ndani kuziba njia ya zamani, maana fundi wa kazi ile hafungi mlango aliouzoea kabla hajaingia kwa ule mpya kwa miguu yake mwenyewe. Wako waliofunga kwa haraka wakabaki nje, funguo mezani.

"Haya," Muhsin alisema. "Umeaga mara nne. Tupande."

Obadia alisimama mlangoni mpaka wakapotea, anaichezea flashi kifuani.

*

Sindeni kwao mtandao ni wa kutafuta. Ndani ya nyumba simu inashika ikitaka. Siku ya tatu Tatu aliupata nyuma ya banda la mbuzi, juu ya kichuguu kirefu kupita mtu, kilichohamwa na mchwa miaka mingi. Akachonga vidaraja kwa jembe, akapandisha kigoda na mwamvuli. Kila asubuhi akishamwosha baba yake, akamnywesha uji, wakamgeuza yeye na mama, saa nne alikuwa juu.

Vichuguu vya nchi ile vina maneno yake, ya mizimu, na wazee wengine hawavikalii. Tatu aliyajua maneno hayo, akayaacha. Kibaya kilikuwa kingine. Mnara ulikuwa upande wa magharibi, na ili mtandao usikatike ilimpasa aelekee magharibi, na magharibi ndiko kulikokuwa na shamba la Sadala. Tena alikuwa na tabia ya kusema peke yake akifanya kazi. Midomo ilikuwa inacheza.

Sadala alikuwa jirani tangu Tatu hajazaliwa. Tatu alimwita baba mdogo. Zamani ukimwamkia Sadala ilibidi uweke ndoo chini, maana alikuwa anaitikia hadi mwisho: marahaba mwanangu, umeamkaje, mgonjwa ameamkaje, mama je, mbuzi je, na ule mbaazi wenu umeshika maua? Wiki ya tatu ya Tatu kupanda kichuguu, Sadala alipita njiani na jembe begani.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba."

Akapita. Tatu akabaki ameshika ndoo, anasubiri yaliyobaki.

"Hata mimi ameniamkia kama mtu mwenye jino bovu," Hafsa alisema jioni, anachambua mchicha. "Kisimani wanasema unaingia Korogwe kila siku, na jioni tunakula nawe ugali."

"Si kuingia huko wanakokufikiria, mama."

"Nimewaambia. Wakaniuliza, sasa anaingiaje? Nikanyamaza."

"Ungewaeleza."

"Nieleze nini? Nikieleza nisichokijua watashika kile walichokisema wao." Akatupa bua la mchicha. "Yule mama wa mashineni akasema, afadhali ungekuwa unaingia kwa mwanaume. Hilo lingeeleweka."

Tatu akacheka. Mama yake hakucheka.

*

Ramani zilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji mwezi wa kumi na moja. Watu walikuwa na siku thelathini za kuzitazama, kila mtu ahakikishe lake, kabla hati hazijaandikwa. Siku ya pili tu Sadala alikuja nyumbani. Hakuingia uani. Alisimama kwenye minyaa, viatu vimejaa vumbi. Hafsa akamtolea maji kwa kikombe cha bati. Sadala akakipokea kwa mikono miwili kama inavyopasa, akakishika, kisha akainama akakiweka chini bila kunywa.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Kaburi la babu yangu liko shambani kwa baba yako."

"Kaburi?"

"Nimeonyeshwa kwenye ramani. Mpaka umekuja hadi kwangu, ukazunguka kichaka cha makaburi, ukarudi. Nusu ekari, na babu ndani."

"Shemeji," Hafsa alisema, "ingia ukae kwanza tuzungumze."

"Nikae wapi, shemeji? Labda na hapa niliposimama ni kwenu."

Ndani, Mzee Mhina alikuwa amesikia sauti ile, akatoa mlio wake, "e, e," na kitanda kikalia. Hakuna aliyekwenda.

"Mimi mwezi wa sita wakati wa kupima nilikuwa Tanga, nauguza jicho," Sadala aliendelea. "Nikamwambia Mhina, wewe unaujua mpaka kuliko mimi, ukanyage kwa niaba yetu sote wawili. Akaukanyaga. Hakuna aliyelalamika. Kisha binti karudi na kompyuta, kapanda kichuguu, kaelekea shambani kwangu kila siku saa nne, midomo inacheza. Sasa kaburi limehama. Nieleze wewe uliyesoma."

"Naelekea huko kwa sababu mnara uko huko."

"Na Handeni kuna mnara. Mbona huelekei Handeni?"

"Wa Handeni haufiki hapa."

"Sawa. Nikuulize kidogo tu, mwanangu." Hilo mwanangu lilitoka baridi. "Ukiwa pale juu, unaweza kuugusa mpaka wangu au huwezi?"

Tatu akamtazama mama yake. Hafsa alikuwa anakitazama kikombe pale chini.

"Naweza," Tatu alisema.

"Basi." Sadala akageuka, akaenda zake.

Hafsa akakiokota kikombe, akamwagia kuku yale maji. "Ungesema huwezi."

"Naweza, mama. Ndiyo kazi yangu."

"Kweli nayo ina saa yake. Hii umeitoa jua la utosi."

*

Kesho yake, Jumanne, Tatu alipanda kama kawaida. Kwa mwezi mzima hakuwahi kulifungua shamba la kwao. Aliliona kama mtu anavyoona barua ya mwenziwe mezani. Siku hiyo alilifungua. Namba arobaini na saba. Mstari ulitoka sawa kwenye masale yaliyopandwa kaskazini kuwa alama, ukateremka, ukafika katikati, ukapinda kuelekea magharibi kama mtu anayekwepa dimbwi, ukazunguka, ukarudi kwenye njia yake mpaka kwenye mti wa mkongo. Sadala hakuwa ameongopa.

Mpindo ule ulikuwa vitone vitano tu. Kuvisogeza ni kazi ya dakika mbili. Mkono wake ulikuwa pale pale. Akauondoa, akapiga simu.

"Inyooshe, yaishe," Obadia alisema baada ya kumsikiliza.

"Nikiinyoosha nikiwa hapa, nitakuwa nimekubali kuwa niliipinda nikiwa hapa."

Simuni ilisikika honi ya basi la stendi.

"Tatu. Uliipinda?"

"Daftari unalo kwenye simu yako, bosi. Lisome."

"Nimelisoma. Linasema leo saa nne na dakika kumi umefungua shamba la baba yako."

Ilikuwa saa nne na dakika kumi na nane. Tatu akahisi kama mtu aliyegeuka njiani akamkuta anayemfuata yuko hatua mbili nyuma. "Kumbe unalisoma."

"Kila siku. Tangu ulipoondoka."

"Basi umeona sijawahi kugusa."

"Nimeona hujawahi kugusa kilichoandikwa," Obadia alisema, na wote wawili wakalisikia lilivyotoka. "Aliyepima ni yule jamaa aliyehamia Geita. Simu yake haipatikani. Nitakuja Alhamisi na karatasi."

Tatu akashuka. Akaingia chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda cha baba yake, akamfuta mate.

"Baba. Mwezi wa sita, ulipokanyaga mpaka wa baba mdogo, ulipita wapi?"

Mzee Mhina alimtazama kitambo. Kisha akageuza uso akaelekea ukutani. Mgonjwa akigeukia ukuta pengine amechoka, pengine anakukwepa. Tatu alikaa pale muda mrefu akipima, na kupima kwenyewe kukamtia aibu. Alianza kukumbuka vitu vya nyuma kabisa: baba yake akisema kile kipande cha makaburini kina udongo mweusi; baba yake akisema Sadala hajui kulima. Maneno ya kila siku, lakini yakikusanywa pamoja yana sura nyingine.

*

Mkutano ulikaa Alhamisi kwenye baraza la ofisi ya kijiji. Mwenyekiti, Hussein, alikuwa mnyapara wa mashamba ya katani Korogwe enzi zake, na mpaka leo akisema hutazama mikono ya watu kwanza. Obadia alifika na bahasha. Akasimama, akasoma. Mpaka wa shamba namba arobaini na saba uliingizwa tarehe kumi na nne mwezi wa sita, siku ile ile ya kupima, ukiwa umepinda hivyo hivyo. Mlango wa mbali wa Tatu ulifunguliwa tarehe nane mwezi wa kumi. Tangu hapo mpaka haujaguswa.

"Karatasi hizo ameziandika nani?" Sadala aliuliza bila kusimama.

"Seva yenyewe, mzee."

"Na seva anaitunza nani?"

Obadia akakohoa. "Tatu."

"Kwa hiyo shahidi wa Tatu ni mbuzi aliyefungwa kwa kamba ya Tatu."

Watu wakacheka, hata wasiomchukia Tatu. Hussein akanyoosha mkono apewe ukurasa wa mwisho. Alisoma polepole, kidole kikitangulia.

"Jumanne. Saa nne na dakika kumi. T. Mhina amefungua shamba namba arobaini na saba." Akainua macho. "Ulifungua kufanya nini?"

"Kuangalia."

"Hukugusa?"

"Sikugusa."

"Hata mwizi wa kuku huanza kwa kuangalia," sauti ikasema nyuma, na safari hii hakuna aliyecheka. Ile karatasi iliyokuja kumtoa Tatu ndiyo ikawa imemrudisha ndani.

"Mpaka unakanyagwa," Hussein alisema hatimaye. "Haufunguliwi, haufungwi. Tutaukanyaga leo, na Mhina mwenyewe atabebwa."

"Sikanyagi kitu," Sadala alisema, "kabla ule mlango wake haujafungwa. Leo tutanyoosha, kesho atapanda kichuguu aupinde tena, na mimi nitakuwa nimelala."

Baraza likanguruma kumkubalia. Obadia akamwinamia Tatu, akasema chini chini: "Ukifunga, utaitunza vipi kutoka huku? Mimi siwezi kuweka mtu wa pili. Itabidi urudi, au tuachane."

Tatu alilijua hilo kabla hajaambiwa. Mlango ule ndio uliokuwa unamweka nyumbani. Akatazama benchi la wanawake. Mama yake alikuwa anakunja na kukunjua pindo la kanga, na mkono mmoja ameuweka kiunoni, palepale panapouma. Hafsa hakuinua macho, ili binti yake asisome kitu.

"Twendeni kichuguuni," Tatu alisema. "Hapa hakuna mtandao."

Wakaenda, watu kama arobaini, wakazunguka banda la mbuzi kama wamekuja kutazama ng'ombe wa mahari. Tatu akapanda. Hussein akapanda vidaraja viwili, akashika mwamvuli. Sadala akasimama chini, karibu kabisa.

Ndani ya seva, kufuli lake lilikuwa mstari mmoja mrefu wa herufi zisizosomeka. Alikuwa ameutengeneza mwenyewe, usiku wa mwisho Korogwe, na alikuwa ameupenda kidogo, kama fundi anavyopenda kiti chake cha kwanza. Akaufuta. Akatoka. Akageuza kioo wamwone, akabisha upya kwa ufunguo wake.

"Imeandika nini?" Sadala aliuliza.

"Ruhusa imekataliwa."

"Jaribu tena."

Akajaribu. Ikakataa.

"Tena."

Ikakataa.

"Mara tatu," Muhsin alisema. "Hiyo ni talaka kamili, harudiwi."

Kicheko kikapita. Obadia naye akacheka, akaivua flashi shingoni. "Hata hivyo mimi ninao wangu. Kampuni haijabaki nje." Akampa Tatu auhakikishe. Tatu akaichomeka. Akaitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Bosi. Humu kuna nyimbo za kwaya sitini na mbili."

"Na ufunguo?"

"Hakuna kitu kingine."

Obadia akajipapasa kifua kana kwamba ufunguo ungekuwa umedondokea ndani ya shati. "Mama watoto aliiomba Jumapili. Walikuwa wanarekodi. Alisema imejaa, akaifuta kwanza." Akaitazama flashi. "Kwa hiyo sasa nani anaweza kuingia?"

"Kutoka nje, hakuna. Ni kukaa mbele yake, na kibodi."

"Hapo," Sadala alisema, "ndipo ilipotakiwa kuwa siku zote."

*

Mzee Mhina walimkalisha kwenye pikipiki ya Muhsin, wakamfunga kwa kanga mbili mgongoni mwa mwenye pikipiki, injini imezimwa, wanaume wanne wakasukuma. Mkono wake wa kushoto ulikaa juu ya bega la Muhsin. Tatu alitembea ubavuni akiushika ule mguu wa kulia usiburuzike. Jua lilikuwa kali, na kila aliyemtazama mzee alitazama haraka, kisha akatazama pembeni.

Wakaanzia kwenye masale. Mzee akanyoosha mkono mbele, wakaenda sawa. Mbele, kichaka cha makaburi kilikuwa kimeota katikati ya njia, hakijafyekwa tangu enzi, kama kawaida ya vichaka hivyo. Upande wa mashariki, kwa Mhina, njia ilikuwa nyeupe, imelimwa hadi ukingoni. Upande wa magharibi, kwa Sadala, palikuwa na miiba.

Mzee akamgonga Muhsin bega la kulia. Magharibi.

"Huko ni kwa Sadala, mzee," Hussein alisema. "Mpaka unapita huku."

Mzee Mhina akanyoosha kidole kwenye yale mawe ya mashariki ya kaburi, kule kwenye kichwa cha marehemu, akatikisa kichwa. Akagonga tena bega la kulia, kwa nguvu. Wakasukuma kwenye miiba. Walipofika upande wa miguu ya kaburi akatoa mlio, wakasimama. Akajiinamia, akaanza kuhangaika na ndala ya mguu wake wa kushoto mpaka ikatoka. Ya kulia haikumtii. Tatu akaichomoa. Wakampitisha hivyo hivyo, peku, wakakizunguka kichaka chote, wakarudi kwenye mstari mbele ya mkongo.

Hussein alikuwa wa kwanza kusema. "Kichwani hakupitwi. Na mwenye kaburi alikuwa Tanga, hayupo wa kumwomba. Amepita miguuni kwa adabu, na mpimaji akamfuata na mashine yake."

"Mpimaji hufuata miguu," Obadia alisema. "Hafuati kingine."

Watu wakaguna. Ikawa kama mzigo umetuliwa. Lakini Sadala alikuwa bado anakitazama kile kichaka, na ule udongo mweusi uliokizunguka.

"Au aliiona nusu ekari," alisema.

Mzee Mhina alimkazia macho. Tatu akautafuta uso wa baba yake, ule upande ulio hai, ili ajue, na hakujua. Mtu anaweza kuvua ndala kwa heshima na bado akawa amekumbuka udongo.

Sadala akatazama miguu ya mgonjwa, ikining'inia bila viatu juu ya miiba. Kisha akainama, akafungua kamba, akavua viatu vyake mwenyewe, maana kaburi lilikuwa la babu yake na haikuwezekana yeye ndiye abaki navyo.

"Hata hivyo," alisema, "inyooshwe."

*

Ilinyooshwa Jumatatu, Korogwe. Tatu alikaa mbele ya kioo, Obadia kulia, Hussein kushoto, Sadala nyuma ya kiti. Ilichukua dakika mbili. Sadala aliomba achapiwe karatasi, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni.

Hati zilitoka mwezi wa pili. Kaburi lilirudi kwa wenyewe.

Tatu alirudi kazini na kupanga chumba Korogwe. Alikwenda Sindeni kila Ijumaa jioni na kurudi Jumapili. Mlango wa mbali Obadia hakutaka tena kuusikia, wala Tatu hakuuomba. Mama watoto wa Obadia alinunuliwa flashi yake, ya kijani.

Maryamu, mke wa Sadala, alianza kuja kila asubuhi kumsaidia Hafsa kumgeuza mgonjwa. Sadala hakumtuma, na hakumkataza. Mgongo wa Hafsa haukupona.

Mzee Mhina alifariki mwezi wa nne, siku ya Jumatano. Muhsin alimfuata Tatu kwa pikipiki. Walifika baba akiwa ameshakoshwa. Kaka wa Mererani alifika siku ya pili, wa Dar alipiga simu. Sadala alikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi, na ndiye aliyechimba muda mrefu zaidi.

Mvua za masika ziliviharibu vidaraja vya kichuguu. Mtu alivichonga upya. Watu humwona Sadala akipanda jioni kumpigia simu mwanawe aliyeko Handeni, ameelekea magharibi.

Tatu akimkuta njiani humwamkia. Sadala huitikia marahaba, na huishia hapo.